Kasasiro Nje ya Mpaka: Taka na Magonjwa Kampala, tangu Kaumpuli hadi Kiteezi

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka na kufukia nyumba zilizokuwa chini yake, pamoja na watu na mifugo. Waliothibitishwa kufa walizidi 30. Sisi tuliokuwa Kampala tulishinda siku kadhaa tukitazama matingatinga yakichimba, huku redio zikirudia maswali mawili: nani alaumiwe, na taka zipelekwe wapi sasa? Swali la kwanza lilipata jibu la haraka, kwani mwezi uliofuata Rais aliwafuta kazi viongozi watatu wa juu wa Mamlaka ya Jiji, mmoja wao akiwa mkurugenzi wa afya ya umma. Swali la pili ndilo lililonisukuma kuandika insha hii. Nilipoanza kusoma historia ya jiji letu niligundua kwamba limeulizwa kwa zaidi ya miaka 100, na kila mara limejibiwa vile vile: zipelekwe upande wa pili wa mpaka.

Hoja yangu ni kwamba wakuu wa Kampala, wa kikoloni na wa baada ya uhuru, hawakukosa maarifa kuhusu vimelea vinavyokaa katika taka. Maarifa yalikuwepo tangu mwanzo kabisa wa karne ya 20. Lakini yalitumika zaidi kuamua nani akae wapi kuliko kuamua nani aondolewe uchafu mlangoni. Mpaka wa huduma ulichorwa, ukasogezwa, ukapewa majina mapya, na bakteria wakaendelea kuuvuka kila mvua iliponyesha.

Neno la Kiganda kwa taka ni kasasiro. Wazee waliokulia vijijini watakwambia kwamba zamani kasasiro haikuwa tatizo la kuitia mikutano. Maganda ya matoke walipewa mbuzi, au yalirudishwa chini ya migomba yakaoza na kuwa mbolea. Majivu na majani navyo vilikuwa na pa kwenda. Hilo liliwezekana kwa sababu nyumba zilikuwa mbalimbali, na kila moja ilikuwa na lusuku, yaani shamba lake la migomba. Tusidhani, hata hivyo, kwamba Buganda ya kale haikujua magonjwa ya mlipuko. Tauni ilijulikana vyema, tena ilikuwa na mungu wake, Kaumpuli, ambaye hekalu lake lilikuwa Buyego. Mmisionari John Roscoe, aliyechapisha kitabu juu ya Waganda mwaka 1911 baada ya kusaidiwa sana na Katikkiro Apolo Kaggwa, anaeleza kwamba Kaumpuli aliwekwa ndani ya shimo refu lililofunikwa asije akatoka. Mpaka leo tauni tunaiita kawumpuli. Mhadhiri mmoja alinionya nisifanye imani hiyo kuwa sayansi iliyojificha, na ninakubaliana naye. Hata hivyo, wazo la kwamba jamii nzima ina wajibu wa kuulinda mdomo wa shimo ni wazo la afya ya umma, hata kama halikuja na darubini.

Darubini nayo ilifika upesi kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Mwaka 1894 Alexandre Yersin alimtambua bakteria wa tauni huko Hong Kong, ambaye leo anaitwa Yersinia pestis. Haikupita miaka minne, Robert Koch mwenyewe, akiwa Dar es Salaam, alithibitisha kwamba ugonjwa wa mitoki uliokuwa ukiua watu Kiziba, karibu na Bukoba, ulikuwa tauni ile ile. Sampuli zililetwa na daktari wa Kijerumani aliyeitwa Zupitza, aliyekuwa ametumwa huko kuchunguza. Kiziba inapakana na Uganda, hivyo eneo letu liliingia katika ramani ya tauni ya dunia kabla ya reli kufika Kisumu. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akifanya kazi Karachi, alionyesha kwamba kiroboto wa panya ndiye anayembeba bakteria huyo. Alipingwa kwa miaka kadhaa, kisha uchunguzi mkubwa uliofanywa India ukaonyesha kwamba alikuwa sahihi. Kwa hiyo mnyororo ulikwisha kujulikana: chakula kilichomwagwa ovyo humvuta panya, panya huja na viroboto, kiroboto humuuma mtu. Dawa yake nayo ilikuwa wazi. Zoa taka, ziba maghala, panya akose cha kula.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa nyingine. Nairobi ilikuwa mji wa miaka mitatu tu tauni ilipozuka katika soko la Wahindi mwaka 1902, na soko hilo likachomwa moto kwa amri ya serikali. Tauni ilirudi Nairobi tena na tena katika miaka iliyofuata. Mwaka 1913 Wizara ya Makoloni ya Uingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson, aliyewahi kuwa bwana afya wa jiji la Calcutta, kukagua hali ya usafi katika nchi ambayo leo ni Kenya, katika Uganda na Zanzibar. Simpson hakuwa mjinga. Aliandika kuhusu mifereji, maji, maghala na uzoaji wa taka, mambo ambayo mhandisi yeyote wa leo angeyakubali. Lakini aliandika pia kwamba makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatenganishwe, na katikati pawe na ukanda wa ardhi usiojengwa. Mifereji ni ghali. Mstari katika ramani hauna gharama kubwa. Msomaji anaweza kukisia ni mapendekezo yapi yaliyotekelezwa kwa bidii zaidi. Mwanahistoria Maynard Swanson, katika makala yake ya mwaka 1977 kuhusu tauni ya Cape Town ya mwaka 1901, alionyesha mtindo huo huo kusini mwa bara: hofu ya ugonjwa ikawa lugha ya kuhalalisha ubaguzi wa makazi.

Kampala ilikuwa na upekee wake. Mji wa kikoloni ulikuwa mdogo, vilima vya Nakasero na Kololo pamoja na mitaa ya biashara ya Waasia. Kando yake tu, kuzunguka kilima cha Mengo, palikuwa na Kibuga, mji mkuu wa Kabaka, uliokuwa chini ya serikali ya Buganda. Miji miwili ilishikana mabega, lakini tawala zilikuwa mbili na mifuko ya fedha miwili. Aidan Southall na Peter Gutkind, walioichunguza Kisenyi na Mulago katika miaka ya 1950, waliwakuta watu wengi waliofanya kazi upande wa manispaa mchana na kulala upande wa pili usiku, katika vyumba vya kupanga vilivyosongamana juu ya ardhi ya mailo. Gari la taka la manispaa halikuwa na wajibu wa kuvuka kwenda Kisenyi. Maji ya mvua hayakuwa na kizuizi hicho, kwa sababu Nakivubo inakusanya maji ya pande zote mbili na kuyapeleka Ziwa Viktoria, katika ghuba ile ile ambako Kampala huchota maji yake ya bomba, pale Ggaba. Kila ninapotazama ramani hiyo huwa najiuliza waliochora mpaka walifikiri mto unaelekea wapi.

Mwaka 1968, ufalme ukiwa umekwisha kufutwa, mipaka ya jiji ilipanuliwa na Mengo, Kawempe na Nakawa zikaingizwa ndani. Kwa sheria, mpaka wa zamani ulikufa. Kwa huduma, uliendelea kuishi, kwani maeneo yaliyoongezwa yalikuwa makubwa kuliko uwezo wa kuyahudumia. Kisha mapinduzi ya 1971, kufukuzwa kwa Waasia 1972, vita na uhaba wa kila kitu hadi 1986. Kipindupindu, ambacho wimbi lake la saba duniani lilianzia Indonesia mwaka 1961 na kufika Afrika Magharibi mwaka 1970, kiliingia Uganda mwaka 1971. Ni vigumu kufikiria mwaka mbaya zaidi wa kukipokea.

Kuna shahidi mmoja wa kipindi hicho ambaye vitabu vya historia havimtaji. Ni kalooli, korongo mkubwa mwenye kichwa cha upara ambaye wageni wote wa Kampala humpiga picha. Derek Pomeroy, mtaalamu wa ndege aliyefundisha Makerere, alichapisha makala mwaka 1975 kuhusu ndege wanaokula taka Uganda, na kalooli alikuwa mmojawapo. Ndege huyu hafuati hotuba za meya, hufuata mizoga na mabaki ya machinjio. Ukitaka kujua taka zinalala wapi, tazama anapotua. Leo viota vyake viko juu ya miti ya chuo na ya katikati mwa jiji, na mwanafunzi aliyevaa shati jeupe hujifunza mapema njia za kukwepa.

Hapa nisimame kidogo nieleze hatari yenyewe, kwa sababu katika mijadala yetu mara nyingi tunasema taka zinaleta magonjwa bila kueleza zinaletaje. Ganda la ndizi halina kipindupindu. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni vitu vinavyooza, maganda ya matoke yakiongoza, na vingekuwa peke yake shida ingekuwa harufu, inzi na panya. Panya si shida ndogo, kwani mbali na tauni, mkojo wake hubeba bakteria wa Leptospira, ambao huingia mwilini kupitia mchubuko wa mguu uliokanyaga maji machafu. Lakini hatari kubwa inatoka katika mchanganyiko. Ndani ya rundo hilo kuna nepi, kuna sindano na bandeji, na kuna kavera, mifuko ya plastiki, nyingine ikiwa na kinyesi cha watu wasio na choo cha kwenda usiku. Bakteria wa homa ya matumbo, Salmonella Typhi, hana makazi mengine ila mwili wa binadamu. Akionekana katika maji, ujue kinyesi cha mtu kimefika hapo. Shigella, anayeleta kuhara damu, anahitaji vimelea vichache mno kumwangusha mtu, kiasi ambacho miguu ya inzi inatosha kuvibeba kutoka jalalani hadi kwenye sahani. Pepopunda humngoja mwokota taka aliyechomwa na msumari au kipande cha bati.

Joto pia lina nafasi yake katika simulizi hii. Lundo la mboji linalotunzwa vizuri, likigeuzwa na kupata hewa, hupanda joto likapita nyuzi 55, na likikaa hivyo kwa siku kadhaa huua vimelea vingi vya kinyesi. Mzee aliyefukia maganda yake chini ya migomba hakuwa na kinyesi cha majirani 40 ndani ya rundo lake, kwa hiyo hakuhitaji kujua kipimo hicho. Sisi tunakihitaji, na mara nyingi tunamwaga kila kitu pamoja kando ya mfereji, taka zikalala tambarare, baridi na zenye unyevu.

Nimekulia upande wa Kawempe, jirani na bonde la Bwaise, na ninayoyasema sasa si ya kusoma. Mtaani kwetu gari la taka lilipita likipita. Kulikuwa na kampuni ya binafsi iliyochukua taka kwa malipo, lakini ilikwenda kwa wenye mageti. Kwa hiyo tuliingoja mvua. Wingu likijikusanya, watoto tulitumwa na mifuko yetu hadi mferejini, na maji yalipojaa tuliiachia ikaenda zake. Nilifanya hivyo mara nyingi, tena kwa furaha, kwa kuwa tulishindana mfuko wa nani utakwenda mbali. Mifuko ile haikufika mbali. Ilikwama kwenye kalavati, maji yakapanda, yakaingia vyooni, yakatoka na yaliyokuwemo, yakaingia nyumba za bondeni. Kesho yake walewale walioifungulia mvua mifuko walikwenda kuchota maji ya chemichemi.

Ndiyo maana utafiti mmoja ulinigusa kuliko mwingine wowote niliousoma. Guy Howard na wenzake, akiwemo Mai Nalubega, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya uchunguzi wa chemichemi za Kampala. Wengi walidhani kwamba bakteria wa kinyesi wanaingia katika maji hayo kwa kupenya polepole ardhini kutoka vyoo vya shimo. Watafiti walikuta kwamba mvua ndiyo iliyopandisha uchafuzi kwa kasi, na kwamba hali ya mahali penyewe, yaani uzio ulioharibika, maji yaliyotuama, kinyesi na taka zilizorundikana juu ya chanzo, ilikuwa na uzito zaidi kuliko vyoo. Matokeo hayo yanabadilisha maana ya lawama. Kama kosa ni la choo cha mpangaji, jiji linaweza kusema avunje ajenge kingine. Kama kosa ni la taka ambazo hazikuzolewa juu ya chemichemi, jiji lenyewe lina la kujibu.

Gharama ya kutojibu imekwisha kuonekana. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilileta kipindupindu kilichowapata watu zaidi ya 6,000 Kampala ndani ya miezi michache, hasa katika makazi duni ya mabondeni. Mwaka 2015 zamu ikawa ya homa ya matumbo. Kati ya Januari na Juni walihesabiwa watu 10,230 walioshukiwa kuugua. Safari hii ugonjwa ulianzia katikati kabisa ya jiji, kwa wachuuzi, mafundi na wapagazi, na wachunguzi walikuta kwamba uliletwa na maji machafu ya kunywa pamoja na vinywaji vilivyouzwa barabarani. Hapo hata wale wanaoishi juu ya vilima walishtuka, maana juisi ya mjini hunywewa na kila mtu. Nakiri kwamba taka ngumu hazikuwa chanzo pekee cha milipuko hiyo. Maji ya bomba yasiyotosha na vyoo vichache vina sehemu yao. Lakini mtu anayetaka kuvitenganisha vitu hivyo atapata taabu mara tu atakaposhuka Bwaise siku ya mvua.

Katikati ya matukio hayo ndipo Kiteezi ilipozaliwa. Dampo lilifunguliwa mwaka 1996, wakati mji ulipokuwa ukijaribu kusimama tena, na lilijengwa kwa mpango wa kisasa uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Nataka kulitendea haki. Kabla yake taka zilimwagwa katika vinamasi na machimbo ya matofali bila utaratibu wowote, na kuwa na mahali pamoja penye mzani, uzio na mabwawa ya kusafishia maji yanayochuruzika kulikuwa ni hatua mbele. Makosa yalikuja baadaye. Dampo lilipangiwa mwisho, na mwisho ulipofika halikufungwa. Miaka mingi kabla ya maporomoko jiji lenyewe lilikuwa likisema kwamba limejaa, huku magari yakiendelea kupanda juu yake. Siku hizi Kampala inakadiriwa kuzalisha takriban tani 2,500 kwa siku, na sehemu kubwa ya kiasi hicho haifiki dampo lolote. Kwa hiyo mlima ule uliotutisha ulikuwa sehemu ya taka zetu tu, ile iliyobahatika kupata gari.

Watu nao walisogea. Wako walionunua viwanja karibu na dampo kwa sababu bei ilikuwa nafuu, na wako mamia walioishi kwa kuokota plastiki na vyuma juu yake. Baada ya msiba nilisikia ikisemwa kwamba walijitakia, kwamba hakuna aliyewalazimisha kujenga pale. Nilipoisikia kauli hiyo niliwakumbuka wafanya biashara wa Nairobi wa mwaka 1902, waliochomewa soko wakiambiwa kwamba tauni ni wao. Wokota taka wa Kiteezi walikuwa wakifanya kazi ambayo jiji zima lilikataa kuifanya nyumbani, ya kutenga kinachooza na kisichooza, tena bila glavu wala chanjo.

Jambo ambalo halikutajwa sana katika mazungumzo ya msiba ni mahali dampo lilipokuwa kisheria. Kiteezi haiko Kampala. Iko wilaya ya Wakiso, kaskazini mwa jiji. Wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2000 kwa kumegwa kutoka Mpigi, maana yake dampo lilipofunguliwa mwaka 1996, Kampala ilikuwa ikipeleka taka zake Mpigi. Baada ya maporomoko jiji lilitafuta ardhi mpya, na wakazi wa maeneo kadhaa walikataa mara tu waliposikia habari. Mahali palipotangazwa hatimaye ni Buyala, ekari zaidi ya 200. Nimepatafuta katika ramani. Ni wilaya ya Mpigi.